Moyo Uliokataa Kufutwa

Bisha. Shule ilinishinda mapema, lakini ubishi haujawahi kunishinda, kwa hiyo bisha tu. Dada yangu hupima mioyo ya watoto kwa altrasaundi, na hajui kutunga uongo. Fundi wa uongo kwetu ni mimi.

Asubuhi moja, foleni ndefu, feni inalia, aliletewa kitoto cha miezi sita kilichozaliwa na tundu moyoni.

"Akinyonya anatoka jasho mpaka kichwani, dada," mama yake alisema.

Dada akapaka jeli, akatelezesha kipimio kifuani, akapima mara tatu. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Huu ulisukuma asilimia thelathini na moja. Huyo ni mtoto wa kupasuliwa haraka.

Lakini daktari bingwa alishamwambia mama, mwezi uliopita, kwamba moyo unasukuma vizuri. Walimwita Jicho, maana alijisifu kuwa yeye hapimi, anatazama tu. Akatazama skrini sekunde mbili, simu sikioni. Akafuta namba ya dada. Akaandika sitini.

"Daktari, nimepima mara tatu."

"Wewe bonyeza vitufe, bibie. Moyo niachie mimi."

Mtoto akatolewa kwenye orodha ya upasuaji. Siku ya tisa, akafa.

Dada hakulia. Alivimba. Nyumbani sahani zilivunjika, na mimi na mdomo wangu huu nikajifunza kunyamaza. Kila asubuhi mama yule alikaa kwenye benchi la mlangoni akidai kitu kimoja: ripoti iseme kweli. Jicho alimpita kama anavyopita ndoo ya deki.

Jumatatu, saa nne asubuhi, Jicho mwenyewe akashika kipimio. Kitandani, kitoto kingine, kinene, kinarusha mateke. Kwenye skrini, tundu. Lilelile. Thelathini na moja.

"Mashine mbovu hii!"

Wakaleta nyingine. Tundu. Thelathini na moja.

Akafungua vifungo vya shati. Akajipaka jeli, akaweka kipimio kwenye kifua chake mwenyewe, jitu la miaka hamsini.

Moyo mdogo. Kama ndimu. Umetoboka. Unakimbia.

Akainua kipimio juu. Hakikugusa kitu.

Moyo ukaendelea.

Jasho likamtoka Jicho mpaka kichwani. Dada akamwinamia sikioni.

"Andika, daktari."

"Nitafungwa."

"Andika."

Akaandika. Mama wa benchini akasoma herufi kwa herufi, akaondoka bila kumshukuru mtu. Skrini ikazimika yenyewe.

Hapo ndipo huwa namalizia, watu wanapiga makofi. Kuna kipande huwa nakiruka. Ile ripoti ya uongo ilikuwa na sahihi mbili, na ya pili ni ya dada. Aliogopa kibarua kuota nyasi, akasaini. Zile sahani hakuwa akimvunjia Jicho.

Jicho akipimwa siku hizi, moyo ni wake. Dada hataki kupimwa. Jana mchana alipitiwa na usingizi kwenye kochi, nikamwekea sikio mgongoni. Pigo lake nikalisikia, zito, la polepole.

Chini yake kuna jingine. Dogo. Linakimbia.