Kumbe Hivi Ndivyo Walivyolisha Perege!

Nina miaka thelathini na minne na watoto wawili, naishi Mlabani hapa Ifakara. Wasomaji wenzangu, hadi leo nikisikia harufu ya samaki wa moshi, kichefuchefu kinanishika...

Mume wangu Deo aliendesha boti ya starehe ya tajiri mmoja. Kila Jumamosi ilipakia wageni kwenda kutazama viboko mto Kilombero, muziki juu, bia na nyama choma. Ndani ilikuwa na choo cha kukalia, cheupe kuliko sahani zangu! Uchafu uliingia kwenye tangi chini ya boti. Deo aliniambia kwamba wakirudi wanaunyonya kwa pampu na kuumwaga kwenye shimo nchi kavu. Kwa nini nisimwamini?

Ila kila safari alichelewa. Nikimpigia simu anasema wanalisha perege, anakuja. Nilidhani wanawatupia samaki makombo ya wageni. Nikawa najisifu kwa majirani kwamba nimeolewa na mtu mwenye huruma...

Mama yangu aliishi dago, kambi ya wavuvi, chini kidogo ya kona ya mto. Alinunua samaki, akawakausha kwa moshi, na maji ya kunywa alichota hapo hapo. Kila alipokuja mjini alituletea fungu la perege, na walionona zaidi ni wa mkwe wake. Deo alipokea kwa mikono miwili, shikamoo mama, asante mama... kisha hagusi! Anaomba maharage. Mtu aliyekulia kwenye samaki! Alisema tumbo limeanza kuwakataa. Basi mama akawa anamletea na ndizi, mkwe asilale njaa.

Kiangazi, maji yalipopungua, mama alianza kuhara. Tulimfikisha hospitali hana nguvu hata ya kushika kikombe. Daktari alisema ni maji machafu. Kesho yake mchana akafariki. Nililia, nikamlaumu hata marehemu kwa kutochemsha maji.

Msibani wavuvi walileta samaki, wakapikwa. Nikiwa na tonge mkononi, Deo akaniinamia sikioni.

"Hao usile, mama watoto."

Nikamuuliza kwa nini.

"Wametoka pale konani. Pale ndipo tunapolishia perege."

Nilimtazama... Nikakumbuka lile tangi. Nilipombana alikiri. Eti pampu inanuka, eti shimo liko mbali, kwa hiyo wakifika konani wanafungua koki na kinyesi cha wageni kinakwenda zake mtoni! Huo ndio mzaha wao. Nilitapika mbele ya waombolezaji wote.

 Nililala kitanda kimoja na mtu wa namna gani? Nguo zake nilizifungasha matanga yalipoisha tu.

Enyi wenye boti, nawasihi, uchafu wenu rudini nao nchi kavu mkaumwage shimoni. Huko chini kuna watu wanakunywa! Nawe dada ambaye mumeo anafanya kazi hizo, usicheke tu maneno yao, uliza maana yake.

Deo anatuma wazee waniombe niwe na moyo wa kusamehe. Nawaambia aje mwenyewe na jibu moja. Mimi aliweza kuninong'oneza nisile... mama yangu, aliyekuwa akimwita yeye mwanangu, alishindwa nini kumwambia asinywe?