Ndiyo Mbili za Cordell

Ijumaa, tarehe 14 Juni 1991. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi jua lilikuwa limeshatoka kwa ukali. Barabara ya lami mbele ya nyumba ya akina Mabry ilifuka mvuke, na wadudu wa kiangazi walizagaa kwenye wavu wa mlango.

Shule zilikuwa zimefungwa. Ardelia Mabry, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiosha vyombo vya kifungua kinywa. Mama yake, Bi Verna, alikuwa ameshaondoka kwenda kupika katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi aliyoifanya kila kiangazi jiko la shule linapofungwa. Mezani alibaki kaka yake, Cordell, aliyekuwa amemaliza chuo mwezi uliopita. Mabega yake yalikuwa mapana kiasi kwamba kiti alichokalia kilionekana cha mtoto. Alikuwa akila sahani ya pili ya uji mzito wa mahindi na mayai.

Simu ya ukutani ililia. Ardelia alifuta mikono kwenye aproni akaunyanyua mkonga wa simu.

"Habari za asubuhi, binti. Hutto hapa, wa timu ya besiboli. Kaka yako yupo?"

Ardelia alimtazama Cordell. Cordell aliinua kijiko, akakipeperusha kushoto na kulia.

"Hayupo, Bwana Hutto."

"Jana hakuwepo pia. Leo kaenda wapi?"

"Kaenda... kununua mafuta ya kulainisha glavu yake ya kudakia mpira."

"Hiyo glavu inakunywa mafuta kuliko gari langu," alisema Bwana Hutto. "Mwambie timu inaanza mechi Jumatano. Nataka aje kutia saini kabla ya hapo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bwana Hutto."

Alipouweka mkonga mahali pake, Cordell alipiga makofi. "Katibu wangu hana mpinzani! Mafuta ya glavu! Umeyatoa wapi?"

"Usinicheke. Hii ni mara ya ngapi? Nitakuja kukosa uongo wa kusema."

"Ukiishiwa niambie nikukopeshe," alisema Cordell, akaongeza asali kwenye uji.

Hakuna mtu katika mji wa Harlan Springs, kusini mwa Georgia, ambaye hakujua habari za Cordell. Mwezi wa Aprili, timu ya futiboli ya kulipwa kutoka kaskazini ilimchagua. Futiboli ya huko ni ile ya kuvaa helmeti na kukumbana, na Cordell alikuwa mkimbiza mpira hodari. Mwanzoni mwa Juni, timu ya besiboli nayo ikamchagua, kwa kuwa alipiga mpira mbali na kudaka kila kilichoruka nyuma ya uwanja. Kinyozi alisema lazima aende futiboli. Mwenye duka la vifaa alisema atakuwa mjinga asipokwenda besiboli. Posta, foleni nzima iliwahi kusimama kwa ajili ya ubishi huo.

Wasilolijua ni kwamba Cordell alikuwa amezikubalia timu zote mbili.

"Sasa niambie kweli," alisema Ardelia. "Utakwenda wapi?"

Cordell aliacha kutafuna. Alitazama mlangoni kana kwamba mama yao angeweza kuwa nyuma ya wavu. "Futiboli," alisema kwa sauti ndogo. "Nilishawaambia tangu Mei. Kambi inaanza Julai. Ardelia, nikiukamata ule mpira na kuona njia imefunguka mbele yangu, sijui nikueleze vipi. Besiboli naipenda. Ila ile ndiyo yangu."

"Na Bwana Hutto ulimwambia nini?"

"Mama ndiye aliyemkaribisha hapa. Alimpa pai ya pichi, akakaa naye kibarazani, akaniangalia. Ungekuwa mimi ungesema nini?"

Ardelia alielewa. Novemba iliyopita Cordell aliumia goti uwanjani, akatolewa kwenye machela. Mama alikuwa jukwaani. Goti lilipona, lakini tangu siku ile Bi Verna aliomba kila jioni kwamba Mungu amtoe mwanawe katika mchezo ule. Cordell alipomwambia Bwana Hutto ndiyo, Bi Verna alilia kwa furaha. Kanisa zima la Mount Nebo lilikuwa limeshaambiwa.

"Kwa hiyo utamwambia lini?"

"Nikifika kambini nitampigia simu. Kwa mbali ni rahisi zaidi. Nani anaumia, Ardelia? Bwana Hutto atapata mwingine. Wachezaji wamejaa tele."

Maneno hayo yalionekana kuwa na akili, na Ardelia akarudi kwenye vyombo vyake.

Jumamosi mchana alikwenda ukumbi wa kanisa kusaidia matayarisho ya chakula cha Jumapili. Alikaa na rafiki yake Renetta Goolsby kwenye ngazi za nyuma, beseni la kunde mbichi katikati yao, wakimenya hadi vidole vikawa vya zambarau.

"Dada wa nyota, mbona unamenya kama mtu wa kawaida?" Renetta alimtania. "Nilidhani siku hizi una watumishi."

"Nyamaza wewe. Kunde zako nusu zimeanguka chini."

"Hizo ni za kuku wa Mchungaji." Renetta alicheka, kisha akatulia. "Lamar ameanza kazi kiwanda cha mbao. Jana jioni karudi na vumbi mpaka kwenye nyusi."

Lamar alikuwa kaka yake Renetta. Yeye na Cordell walicheza besiboli pamoja tangu wakiwa wadogo kiasi cha kuvaa jezi zilizofika magotini. Lamar hakuwa na nguvu za Cordell, lakini alikuwa na mbio, na hakuna aliyefanya mazoezi kumshinda.

"Si alikuwa anakwenda kujaribiwa na Bwana Hutto?" aliuliza Ardelia.

"Alikwenda. Bwana Hutto akamwambia, 'Kijana, umenifurahisha, lakini nafasi ya nyuma ya uwanja ilikuwa moja tu na Mabry ameshaikubali.' Basi." Renetta alitupa maganda kwenye ndoo. "Hakukasirika, usidhani. Alisema kama ni Cordell, hana neno, Cordell ni bora kuliko yeye. Mwambie tu aitumie vizuri hiyo nafasi."

Ardelia aliinamisha uso kwenye beseni. Kama Renetta angemtukana, angejua la kujibu. Alimenya kunde bila kuziona, na kichwani alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwenye simu: hayupo, hayupo, hayupo. Kila alipolisema neno hilo, mlango wa Lamar ulizidi kufungwa, na yeye ndiye aliyekuwa ameushika.

Jioni ile walikula mapema, jua likiwa bado dirishani. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi na chai ya barafu. Bi Verna alifumba macho.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa chakula hiki. Tunakushukuru kwa kumtoa Cordell katika hatari na kumpa mchezo wa amani. Kesho kanisa lako litasimama kukushukuru. Katika jina la Yesu."

"Amina," alisema Cordell, haraka kidogo.

Ardelia alianza kugawa mkate wa mahindi bila kuitikia.

"Ardelia, umepoteza ulimi?" Bi Verna aliuliza.

Simu ikalia.

Ardelia ndiye aliyekuwa karibu. Aliinuka, akapokea.

"Hutto hapa, binti. Usiniambie kuhusu mafuta. Kaka yako yupo?"

Cordell, nyuma ya mgongo wa mama yao, alikuwa ameshaanza kukipeperusha kijiko. Ardelia alikitazama kile kijiko.

"Yupo," alisema. "Huyu hapa."

Akaunyoosha mkonga kuelekea mezani. Waya wake uliojisokota ulifika hadi karibu na sahani ya kuku.

"Ardelia!" Cordell alinong'ona kwa hasira.

"Lamar alikosa nafasi kwa sababu yako," alisema Ardelia, na machozi yakaanza kumtoka. "Bwana Hutto alimkatalia kwa sababu ulisema ndiyo. Sasa hivi yuko kiwanda cha mbao. Uliniuliza nani anaumia. Ni Lamar."

Bi Verna aliweka uma chini. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. "Cordell," alisema, "mtu anakungoja kwenye simu."

Cordell alisimama. Aliushika mkonga kama kitu kinachounguza.

"Bwana Hutto. Ndiyo, ni mimi. Hapana, bwana, nilikuwepo. Jana pia nilikuwepo. Sitakuja Jumatano. Ninakwenda kucheza futiboli. Niliwaahidi wao kabla yako, na ndicho ninachokitaka. Nilikudanganya."

Kwa muda mrefu sauti iliyosikika ilikuwa ya Bwana Hutto tu, ndogo na kavu, ikitoka kwenye mkonga. Cordell alisikiliza bila kujitetea.

"Ndiyo, bwana. Una haki. Lakini kuna kijana hapa, Lamar Goolsby. Ulimkatalia kwa ajili yangu... Najua huwezi kuahidi... Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitamwambia mwenyewe. Asante, bwana."

Alirudisha mkonga ukutani na kubaki amesimama, uso kwa ukuta. "Mama, nisamehe. Ulikuwa na furaha sana. Sikuweza."

Bi Verna hakupandisha sauti. "Geuka nikuone." Cordell akageuka. "Ule mchezo unaniogopesha, na utaendelea kuniogopesha. Hilo ni langu na Mungu wangu. Lakini nilimwomba akulinde, sikumwomba akufanye mwongo. Ungeniambia hapana tangu mwanzo, ningelia siku mbili, siku ya tatu ningekufulia soksi za kwendea kambini. Badala yake umeniacha nimwambie Mchungaji uongo na mimi sijui."

"Ndiyo, Mama."

"Unadhani kumwambia mtu ndiyo ni kumpenda. Unapomwambia ndiyo isiyo ya kweli, unampa kitu kitupu, na unakitoa kwenye mkono wa mwingine aliyekuwa akikihitaji. Hapana ya kweli ina maumivu, lakini mtu akiipata anajua aelekee wapi." Akamgeukia Ardelia. "Na wewe, katibu. Leo umefanya vizuri, na nimeona ilivyokugharimu. Lakini ulimfunika kaka yako mara nyingi kabla ya leo. Mkimaliza kula, mtakwenda wote wawili kwa akina Goolsby, kwa miguu, mkaseme kila kitu. Na mkirudi hivyo vyombo ni vyenu."

Walimkuta Lamar akiosha viatu vyake vya kazi kwenye bomba la uani. Cordell alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Ardelia akaongeza sehemu yake, kuhusu simu na mafuta ya glavu. Renetta alisikiliza kutoka mlangoni na, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakutia neno.

Lamar alifunga bomba. "Ungenishinda uwanjani nisingesema kitu," alisema polepole. "Lakini umekaa mlangoni, wewe huingii na mimi sipiti. Hilo limeniuma, Cordell."

"Najua."

"Hujui. Ila umekuja mwenyewe." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Jumatatu saa mbili, umesema? Viatu vya besiboli nilishampa binamu yangu. Nitamwambia nini?"

"Chukua vyangu."

Lamar aliitazama miguu mikubwa ya Cordell. "Nikivaa hivyo nitakimbia mimi, viatu vibaki," alisema. Renetta ndiye aliyeanza kucheka. Kesho yake alimfuata binamu yao akavirudisha viatu nyumbani mwenyewe, bila kueleza alivyovipata.

Jumapili kanisa lilijaa. Akina mama wa kwaya walijipepea kwa vipepeo vya karatasi, na kutoka ukumbini ilisikika harufu ya kunde na nyama iliyofukizwa moshi. Baada ya nyimbo, Mchungaji Stallworth alisimama, uso ukimng'aa.

"Dada Verna alituletea habari njema, na leo tunamshukuru Mungu. Cordell, njoo mbele, mwanangu. Waambie watu kuhusu besiboli."

Cordell alitembea hadi mbele. Ardelia alimshika mama yake mkono. Lamar alikuwa kiti cha tatu, karibu na njia.

"Mchungaji, na ninyi wakubwa zangu," alianza Cordell, "habari mliyopewa na mama yangu si kosa lake. Mimi ndiye niliyemdanganya. Siendi besiboli, nakwenda futiboli. Niliwaambia watu wawili ndiyo kwa sababu niliogopa kumwambia mmoja hapana, na kijana mmoja wa kanisa hili karibu akose nafasi yake. Jana nilimwomba msamaha. Leo nawaomba ninyi."

Vipepeo vilisimama. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Sema, mwanangu, sema," na wengine wakaitikia.

Cordell aliwatazama, akamtazama mama yake, kisha mdogo wake. Akainua mkono wa kulia.

"Basi naahidi hapa mbele ya Mungu, mbele ya mama yangu, na mbele ya Lamar Goolsby. Nikimwambia mtu ndiyo, atanikuta pale nilipomwambia. Nikiwa na hapana, nitaipeleka mwenyewe kwa mdomo wangu. Na simu ya nyumbani kwetu ikilia, Ardelia akawaambia sipo, jueni kwamba kweli sipo."