Nyota Zenye Tiki Nyekundu

"Dada, usiziguse tafadhali! Hizo mchumba wangu kazitengeneza kwa mikono yake mwenyewe."

Mwalimu akarudisha mkono. Alikuwa amekuja kwenye kliniki ile ya meno kuchukua fomu za watoto wake wa chekechea, basi. Lakini juu ya meza ya mapokezi zilining'inia nyota kumi na mbili za karatasi, mapambo ya Krismasi, na nyota hizo alizijua kama anavyojua vidole vyake. Wiki iliyopita tu alizikunja mezani kwake, kwa kurasa za madaftari ya mwaka jana. Mchumba wake alikuwa pembeni anakunywa chai na kusifia. Huyo watu wanamwita Msafi, kwa mashati yaliyonyooka na manukato yanayomtangulia mlangoni. "Nipe za kupamba ofisini, mpenzi," alisema. "Wenzangu wanazigombania."

Harusi yao ilikuwa Januari. Kadi zilishasambazwa.

"Zimependeza," alisema Mwalimu. "Ni kazi ngumu?"

"Kwake? Dakika tano tu!" Nesi wa mapokezi akacheka kwa raha. Mtoto wa watu, hakuwa na hatia yoyote. "Anakunja, anakata, anafungua. Halafu ona hapa kwa ndani. Unaziona hizi tiki nyekundu? Kaniambia kila tiki ni busu lake. Basi mimi kila asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, nazibusu zote."

Jamani! Tiki zile Mwalimu alizitia mwenyewe, kwenye hesabu za mtoto mmoja mwenye mafua yasiyoisha, ambaye mwaka mzima alifutia pua kwenye daftari hilohilo.

Mwalimu akatoa simu, akaandika: "Uko wapi mpenzi?"

Jibu halikuchelewa: "Kikaoni, mpenzi wangu. Bosi hatuachii hata tunywe maji. Nakuwaza wewe tu."

Hata hajaifunga simu, mlango ukafunguliwa. Manukato yakaingia kwanza, kisha Msafi na mfuko wa chakula.

"Malkia wangu, njaa haijakuua?" Akageuka, akamwona Mwalimu. Tabasamu likamganda. "Aah... wewe! Umefuata nini huku?"

"Mnajuana?" Nesi akauliza.

"Huyu? Huyu ni dada yangu. Mtoto wa mama mdogo."

Mwalimu alidhani angelia. Wapi! Alimtazama yule mtu kuanzia viatu vinavyong'aa hadi nywele zilizochanwa, akajisikia mwili unamsisimka, kama mtu aliyeshika kitu chenye ute gizani.

"Dada yako," alisema taratibu. "Kwa hiyo Januari unamuoa dada yako?"

Nesi akasimama. "Hapana, dada, usimsingizie. Mwanaume aliyekaa chini akanikatia nyota kumi na mbili, huyo mwingine angempatia muda saa ngapi?"

"Sawa. Mpe karatasi na mkasi. Akate moja tu, tuone."

"Mambo gani haya ya kitoto?" Msafi akafoka. "Nina kikao!"

"Si ulisema dakika tano?" Nesi alimsukumia karatasi. Sauti yake sasa haikuwa na kicheko. "Kata, mpenzi."

Wagonjwa kwenye benchi wakanyoosha shingo. Msafi akakunja karatasi mara moja, akaikunja tena, akaigeuza, jasho likimtiririka kwenye kola. Kisha akapeleka mkasi palepale ambapo aliyewahi kukata hata nyota moja hagusi: akaufyeka upande wa mkunjo, kuanzia juu hadi chini. Alipofungua, hapakuwa na cha kufungua. Vipande vikamwagika sakafuni.

"Bwana harusi," aliuliza mzee mmoja mwenye shavu lililovimba, "hiyo ni nyota au chakula cha kuku?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Huu mkasi butu!" Msafi akalalama. Akamgeukia Nesi: "Mpenzi, nilitaka tu ufurahi." Akamgeukia Mwalimu, akamshika bega na kunong'ona: "Tutayaongea nyumbani. Unanidhalilisha mbele za watu."

"Nitolee mkono," alisema Mwalimu. "Tafadhali. Nitatapika."

Nesi alikuwa ameziinulia macho nyota zake. "Na hizi tiki?"

"Samahani, mdogo wangu. Hesabu za mtoto wa chekechea. Mwenye kamasi."

Nesi akaziba mdomo, akakimbilia kwenye sinki. Wakamsikia akisukutua, anatema, anasukutua tena. Msafi akamfuata hadi mlangoni, "mpenzi, mpenzi," akafungiwa mlango usoni.

Mwalimu akavua pete, akaiweka juu ya mfuko wa chakula, akachukua fomu zake na kutoka. Barabarani akampigia shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo.

"Shangazi, simamisha harusi."

"Uwii! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ana mwanamke mwingine, na mapambo yangu ndiyo anayomtongozea."

Shangazi alishusha pumzi. "Mwanangu, wanaume ndivyo walivyo. Kadi watu wanazo, gauni limeshashonwa. Una hasira sasa hivi. Ngoja zipoe, utamsamehe."

"Ingekuwa hasira, shangazi, ningemsamehe. Hasira nazijua, zinaisha." Akajifuta bega kwa kitambaa, pale aliposhikwa. "Huyu namwonea kinyaa. Sasa nitalalaje naye kitanda kimoja?"

Mwalimu akasubiri kuhubiriwa.

"Basi rudi nyumbani, mama," shangazi akasema. "Hao watu wa kadi nitawapigia mimi."