Kidole cha Wifi Kilichokula Mbolea Yangu

"Kidole changu, hela yangu!"

Wifi yangu alinitamkia hayo mbele ya ofisi ya kilimo, watu wote wanasikia. Noti za ruzuku anazisukumia kwenye mkoba, hana hata haya!

Jamani, ile ilikuwa ruzuku ya mbegu na mbolea ya shamba LANGU. Shamba ninalolima mwenyewe, wanangu watatu wanakula humo humo.

Nikamgeukia mume wangu. Si yupo hapo? Si atasema neno?

"Mama watoto, usituaibishe. Twende nyumbani."

Mimi ndiye ninayewaaibisha!

Ngoja niwaeleze, maana najua mtauliza wifi aliingiaje.

Ruzuku ilipotangazwa, bwana shamba alikuja na kimashine cha kusoma alama za vidole. Unaweka kidole, unasajiliwa, na siku ya malipo unaweka kile kile. Zamu yangu ikafika. Nikaweka dole gumba... taa nyekundu.

"Weka kingine, mama."

Nyekundu.

Nikamaliza vyote kumi! Bwana shamba akaushika mkono wangu, akaugeuza.

"Jembe limefuta alama zote. Mashine haikuoni."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Mume wangu ndiye aliyekuja na wazo. "Dada yangu akuwekee. Si mtu wa nyumbani?"

Wifi ni msusi. Kutwa vidole viko kwenye mafuta ya nywele, laini kama vya mtoto mchanga. Jembe analijua kwa kuliruka likiwa mlangoni. Aligusa mara moja tu, kijani!

Nikamshukuru. Tena nilimchinjia kuku, mjinga mimi!

Basi siku ya malipo ikawa kama mlivyosikia, na hela ikanunua viti vipya vya saluni yake na kioo kikubwa. Mume wangu naye akaanza kunikwepa macho, nikajua kaonjeshwa.

Mvua ikaanza. Majirani wakapanda. Mimi sikuwa na punje, mbegu ya akiba tulishaila. Nikaomba mkopo dukani, nikanyimwa. Nikatafuta kibarua, kila shamba wakasema wanatosha.

Mvua inanyeshea shamba tupu, mimi nimekaa barazani, mikono mapajani. Nililia hadi kichwa kikauma.

"Mama, mbona siku hizi huendi shamba?" mdogo akaniuliza.

Nikamtuma kuni.

Mahindi ya jirani yalipofika magotini, nikarudi kwa bwana shamba.

"Nijaribu tena, baba. Hivi hivi nitawazika wanangu."

Akakitoa kimashine. Nikaweka dole gumba, nimefumba macho...

"Mama! Kijani!"

Nilipiga kelele kama chizi! Kumbe wiki zote zile za kukaa bila kugusa jembe, ngozi ilikuwa inaota upya. Alama zimerudi!

"Kidole cha wifi yako nakifuta sasa hivi," akasema. "Kuanzia leo wewe ndiye mkulima halali."

"Na hela?"

Akainamisha kichwa.

"Ya msimu huu imeshatoka. Subiri msimu ujao. Ila mama... usishike jembe hadi siku ya malipo. Alama zikifutika tena, hulipwi."

Ndugu zangu, mmesikia? Nikilima, mashine hainijui. Nisipolima, eti ndiye mkulima!

Mwenzenu nimejifunza kwa machozi. Riziki yako usimpe mtu akuwekee kidole, hata kama mnakula sahani moja. Gomea pale pale, mbele ya watu, hadi watafute njia nyingine ya kukusajili wewe.

Leo jirani kanionea huruma, kanipa bakuli la maharage ya mbegu. Nikiyapanda sasa hivi yatawahi mvua za mwisho.

Jembe liko mlangoni. Wanangu wananitazama.

Nimelishika.