Ndiyo za Euclides

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, ubongo ulianguka katika soko la Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ulikuwa wa plastiki, wa kufundishia, na vipande vyake vilitawanyika kati ya mafungu ya muhogo mkavu.

Natália, muuguzi, enfermeira kwa Kireno, mzaliwa wa Mueda, aliinama katika sketi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi. Kijana mwenye pikipiki ya abiria alikuwa ameshaokota kipande kimoja.

"Dada enfermeira, akili zako hizi."

"Nipe. Saa tatu nafundisha."

"Hiki kinafanya kazi gani?"

"Hiyo ni sehemu ya mbele, kushoto. Humo ndimo usemi unamotengenezwa. Yako naona imezidi kipimo."

Akacheka. "Na mapenzi yamo wapi?"

"Si moyoni. Zaidi ya hapo sijui."

"Basi tukatafute. Naitwa Euclides. Panda, nakupeleka bure."

Alipanda.

Miezi minane Euclides alimpigia kila siku saa sita.

"Amor, mpenzi, umeniwaza?"

"Kati ya mgonjwa wa tisa na wa kumi."

"Panatosha."

Mwezi wa Novemba Euclides alikwenda kijiji cha Diaca kumwomba mjomba wake apeleke posa Mueda. Natália alishonesha gauni la capulana, kitenge cha kijani. Siku mbili simu haikuja. Ya tatu ikaja, alasiri.

"Euclides! Uko wapi?"

"Ndiyo."

"Nakuuliza uko wapi!"

"Ndiyo... ndiyo." Ulimi ulikuwa mzito, unaburura.

"Umelewa?"

"Ndiyo."

"Una mwanamke huko?"

"Ndiyo."

"Ahsante kwa ukweli." Akakata, akaizuia namba yake.

Wiki moja baadaye Dalila, dada yake Euclides, aliingia kituo cha afya na vumbi la safari.

"Wifi, mbona hupatikani? Kaka alianguka na pikipiki. Aliinuka, akasema hana neno. Kesho yake maneno yakamwishia. Sisi tukadhani jini. Tumemfikisha hospitali ya mkoa, mjini Pemba, siku tano baada ya kukupigia, wakamtoboa fuvu kutoa damu."

"Mkono gani umelegea?"

"Wa kulia. Namba yako aliibonyeza kwa wa kushoto."

Natália alikaa. Mishipa ya fahamu inayoongoza mwendo huvuka kwenda upande wa pili kwenye shina la ubongo. Mkono wa kulia huongozwa na upande wa kushoto, jirani na sehemu ya usemi. Aliyeumia hapo huweza kuelewa anachoambiwa, huku akibaki na neno moja la kujibia kila kitu. Somo hilo alilifundisha asubuhi ya siku ile ya simu. Siku tano damu ilikuwa ikiukandamiza ubongo, na dalili alizisikia yeye, kwa sikio lake.

Alimkuta Pemba, kichwa kimefungwa bendeji.

"Unanijua?"

"Ndiyo."

"Unaitwa Narciso?"

"Ndiyo." Alisikia mwenyewe kwamba amekosea. Machozi yakamtoka.

Natália akamshika mkono wa kushoto. "Uache mdomo. Bonyeza mara moja kama ni kweli, mbili kama sivyo. Unaitwa Narciso?"

Mbili.

"Ulimwona mjomba?"

Moja.

"Kwenye simu, ulinielewa kila neno?"

Moja.

"Umenisamehe?"

Mbili.

"Niondoke?"

Saa kumi kasorobo, Euclides alibonyeza mara mbili.