Pikipiki Tatu za Mheshimiwa

Adolphine alikuwa anageuza mihogo aliyoianika juu ya reli aliposikia behewa linagongwa kwa ndani.

Reli za gare, stesheni ya Kindu, siku hizi zinafaa kuanika mihogo kuliko kupitisha treni. Yale mabehewa ya zamani yamelala pale tangu wakati wa vita, majani yameota mpaka madirishani, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza. Adolphine alidhani ni mbuzi. Akapiga komeo kwa jiwe, mlango ukafunguka, na Abedi Ramazani akamwangukia miguuni, kanzu yake ya Ijumaa imelowa damu iliyotoka kisogoni. Alikuwa anapumua tu, kwa shida.

Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje.

Inspekta Déborah Kitenge alifika kwa miguu, maana gari la polisi liko, lakini mafuta yake yananywewa na jenereta ya nyumbani kwa Komanda. Alikuta Abedi amekwisha kupelekwa hospitali, na Komanda amekwisha kumpata mwenye kosa.

"Ni Florentin, yule kijana wa mtaa wa Mikelenge," Komanda alisema. "Asubuhi aligombana na Abedi kwenye meza ya karata. Wakati wa mapumziko alionekana anapita huku nyuma ya gare. Jioni hii namtuma parquet, kwa mwendesha mashtaka."

"Umemuuliza, Komanda?"

"Nimemkamata. Kuuliza ni kazi yako. Jua likizama, anakwenda."

Wenye nguvu ndivyo walivyo. Wanamshika aliye karibu, halafu wanakwenda kula.

Déborah alikwenda moja kwa moja kwa Mama Germaine, mtaa wa Kasuku, kwenye baa yake ambamo mashindano ya poka yalikuwa yanachezwa. Meza ilikuwa bado vilevile. Mbele yake amekaa mzee Mwamba, mgawa karata, amekunja mikono, hataki mtu aguse kitu. Florentin ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mke wake.

"Papa Mwamba, miye karata sijui. Unieleze pole pole."

"Ni rahisi, Mama Inspekta. Mheshimiwa mbunge alileta pikipiki tatu za zawadi, juu ya uchaguzi. Barabara hakuleta, pikipiki alileta. Watu walijaa meza hizi zote. Kila mtu na vifuniko vyake vya bia, ndiyo pesa ya mchezo, nimevipaka rangi mwenyewe. Vikiisha, unasimama, unakwenda kwako. Leo asubuhi walibaki wanne."

"Na pikipiki ni tatu."

"Njo pale kunauma. Anayeanguka sasa ni wa nne, anarudi na miguu. Wale watatu wengine, mwenye kilima cha vifuniko na mwenye kiganja, wote ni sawasawa, kila mutu pikipiki moja."

"Basi mutu wa akili anafanya nini?"

"Anangoja mwenzake aanguke. Mwenye kilima anawasukuma wengine, kwani anajua wanaogopa. Mwenye kidogo kabisa hana namna. Kila mzunguko meza inakata mchango, na mchango unapanda. Akikaa kimya utamumaliza. Akipata karata kidogo ya kusimama nayo, anasukuma vifuniko vyote katikati. Siye tunaita tapi."

Mwamba akamwonyesha viti. Edouard, muuza chumvi wa sokoni, ndiye mwenye kilima. Jérôme, motard wa zamani aliyebeba abiria kwa pikipiki, wa pili. Abedi wa tatu. Florentin alikuwa amebakiza vifuniko vya kutia mfukoni.

"Saa ya sala ya Ijumaa tulisimama. Abedi akakwenda musikitini, wengine wakatawanyika. Tukarudi, Abedi hayuko. Tukasema anachelewa, anaongea na watu kama kawaida yake. Tukaanza."

"Bila yeye?"

"Ni sheria. Asiyekuwepo, karata zake zinatupwa, mchango wake unakatwa. Habari ya behewa ilipofika tukaacha, angalia, amebakiza vifuniko viwili."

Déborah alivitazama vile vifuniko viwili kwa muda. Abedi asingerudi, vingeisha vyenyewe, na wale watatu wangepanda pikipiki bila kufanya lolote.

"Nani alirudi wa mwisho kutoka mapumziko?"

"Jérôme. Amenawa mpaka kwenye viwiko. Nikamutania, 'Na weye umesilimu, unatawadha?' Akasema alikula fufu na samaki."

"Na Edouard?"

"Sokoni kwake. Muulize."

Edouard hakutaka kuulizwa. Aliletwa, akakaa, akaanza kutoka jasho. Ndiyo, alikuwa na mkwaruzo mkononi. Ndiyo, duka lake lilikuwa limefungwa wakati wa mapumziko.

"Ulikuwa wapi, Papa Edouard?"

"Kwa... kwa Mama Sandrine."

"Mama Sandrine ni nani?"

Kutoka nyuma ya kaunta Mama Germaine akacheka kwa sauti. "Mama Inspekta, muache. Kindu nzima inajua, bado bibi yake wa ndoa tu. Na mukono ule, ni paka wa Sandrine."

Déborah hakucheka. Alituma mtu akahakikishe, na ikawa kweli, pamoja na paka.

Akaenda cachot, mahabusu ya polisi. Florentin alikuwa amekaa chini, magoti kifuani.

"Ulipita gare kufanya nini?"

"Kumuona bibi yangu. Anauza majani ya mihogo upande ule. Muulizeni."

"Mulirudi mezani, Abedi hayuko. Ulifanya nini?"

"Tapi. Mara ya kwanza na tisa na nane, wakaniogopa. Mara ya pili na malkia na tano. Mama, sikuzipenda karata zile, lakini vifuniko vyangu visingefika popote. Nilikuwa naangalia mulango kila dakika. Nilisema, Ya Abedi, kaka yetu yule, akirudi nimekwisha."

"Na ungejua harudi?"

Florentin akamwangalia kama anamwona mjinga. "Ningekunja mikono! Ningetupa karata zote, yeye aanguke mbele yangu. Nani anajihatarisha wakati mwenzake anakufa mwenyewe?"

Déborah alisimama mlangoni. Jua lilikuwa limekwisha kupita juu ya mto Lualaba, linaelekea kuzama.

Akarudi kwa Mwamba karibu akikimbia. "Papa, baada ya sala, Edouard alichezaje?"

"Kama asubuhi. Anasukuma, anacheka."

"Jérôme?"

"Jérôme alitupa. Kila mara alitupa. Alitupa hata wafalme wawili."

"Ni karata mbaya?"

"Mubaya? Mutu anaziomba kanisani! Na asubuhi alikuwa anasukuma na saba na mbili, takataka kabisa. Nilidhani ameshikwa na woga."

"Lakini nasikia karata ikitupwa inafichwa. Wewe umejuaje?"

Mzee akagonga meza kwa kidole. "Kwingine inafichwa. Kwangu hapana. Wakati wa vita wanajeshi walikuwa wanacheza na siye, mji umefungwa, hakuna kazi ingine. Mukubwa mumoja alikuwa anatupa karata kifudifudi, kumbe nzuri zinaingia ndani ya buti. Yannick, rafiki yangu, akamuambia, 'Mukubwa, onyesha.' Wakamupiga risasi juu ya neno lile. Mwaka ule ule mke wangu Francine alikufa kandokando ya maji, anangoja kivuko ambacho wakubwa walikifunga kwa ajili ya mizigo yao. Hakuna aliyehukumiwa, si kwa Yannick, si kwa Francine. Miye nilibaki na uwezo wa meza hii tu. Nikasema, hapa karata inatupwa uso juu. Hata uwe nani."

Kabla jua halijazama walikaa wote mezani. Edouard, Jérôme, Florentin mwenye pingu, Mwamba na karata zake. Komanda alisimama mlangoni anachokonoa meno.

"Sitachukua muda," Déborah alisema. "Mulipoanza tena, wote mulisema Abedi anachelewa. Florentin aliamini, njo maana alisukuma vyote na karata dhaifu, mara mbili. Mutu aliyemufungia Abedi asingefanya vile. Edouard aliamini, aliendelea kuwasukuma kama asubuhi. Jérôme, asubuhi ulipigana na saba na mbili. Mchana ulitupa wafalme wawili. Nini kilibadilika?"

"Nilichoka."

"Kilichobadilika ni kiti kile kimoja. Ulicheza kama mutu anayejua kile kiti hakitakaliwa tena. Ulijuaje?"

Jérôme akaangalia karata, akaangalia mikono yake. "Kwa Papa Mwamba unatupa uso juu," alisema polepole. "Nilikuwa nimesahau kama kuna mutu anaangalia."

"Fufu ulikula kwa nani?"

Mama Germaine alitikisa kichwa, si kwake.

"Sikutaka afe," Jérôme akasema ghafula. "Kila Ijumaa anakatiza gare akitoka musikitini. Nilimupiga na jiwe la reli, nikamutia ndani. Akae tu, mpaka vifuniko viishe. Jioni ningemufungulia." Akamgeukia Komanda, sauti ikapanda. "Miye nilikuwa na pikipiki! Watu wako waliikamata kwenye barrière, kizuizi chenu cha barabarani, wakasema sina kibali. Nimekuja kwako mara ngapi? Bibi yangu na watoto wamerudi Lubutu kwa baba yake, njaa imewafukuza. Pikipiki yangu iko kwa nani, Komanda? Sema mbele ya watu!"

Komanda akatupa kijiti chake. "Mumufunge," akasema. "Yule mwingine mumufungue."

Florentin alifunguliwa. Alibaki amekaa, anasugua mikono, kama hajui miguu inafanya nini. Mwamba akamshika bega, akaondoka naye bila kumuaga mtu.

Abedi alifungua macho siku iliyofuata. Mwamba na Florentin walikuwa kando ya kitanda chake.

"Wamebaki wangapi?" aliuliza.

"Watatu, Ya Abedi," Mwamba akamjibu. "Jérôme ametoka. Vifuniko vyako viwili bado viko mezani."

Abedi akatabasamu chini ya bendeji. "Basi nimepata. Mutoto wa Mikelenge, na weye umepata. Iko wapi yangu?"

Florentin akaangalia sakafu. Nje, pikipiki mpya ilipita, nailoni bado haijatolewa kitini, na aliyeipanda alikuwa amevaa nguo za polisi.

"Komanda amezibeba zote tatu," Mwamba alisema. "Anasema ni vielelezo vya kesi."

Abedi alianza kucheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu.

"Kumbe siye wote," akasema, "ni wa nne."