Diski Iliyolazwa Mahali pa Nyingine

Maiti ilikuwa na ukubwa wa kitabu kidogo cha sala. Ililala juu ya meza ya chuma katika chumba cha kompyuta cha hospitali, na kila ilipopewa umeme ilizunguka, ikakwaruza mara tatu, ikanyamaza.

"Imekufa," alisema fundi wa kompyuta, ambaye hospitali nzima ilimwita Waya kwa wembamba wake. "Diski hufa, afande. Kama sisi tu."

Inspekta hakukaa. Alikuwa mama wa makamo mwenye tabia ya kufikiri kwa miguu, na chumba kile kilimpa hatua nne za kwenda na nne za kurudi. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nne asubuhi baraza la nidhamu lingekaa kumjadili daktari bingwa wa mifupa. Mgonjwa wake, mama mshonaji, alikuwa akiumwa magoti yote mawili, lakini la kushoto ndilo lililokuwa limekwisha. Daktari akamwekea goti bandia mguu wa kulia. Picha ya eksirei aliyoitumia ilikuwa ndani ya diski. Baraza likiikosa, kosa lote lingemwangukia yeye: leseni kwanza, kisha pengine jela.

"Hakuna nakala?" Inspekta aliuliza.

Waya alieleza kuwa seva, kompyuta kuu inayotunza picha za hospitali, ilikuwa na diski mbili pacha zilizoandika kitu kilekile, ili moja ikianguka nyingine iendelee. Pacha wa kwanza aliugua miezi minane iliyopita. Taa ya manjano ikaanza kupepesa, na wauguzi waliokuja kutafuta majalada wakalalamika kwamba inawaumiza macho.

Inspekta aliinamia seva. Juu ya taa palikuwa na plasta ya kidonda, imebandikwa kwa ustadi.

"Nani aliibandika?"

"Mimi."

"Uliomba diski mpya?"

"Niliomba mara moja. Nikaona kazi inaendelea, nikasahau."

"Yaani ulifunga kidonda bila kukisafisha."

Waya alitazama viatu vyake. Kwa miezi minane picha za hospitali nzima zilikuwa zimesimama kwa mguu mmoja, na Jumanne mchana mguu huo nao ukaondoka.

Mtaalamu wa alama za vidole alipekua chumba kwa saa nzima. Hakupata alama hata moja, ila unga mweupe wa glovu. Alisema hospitali ile ina watu mia tatu na wote huvaa glovu, basi afadhali afande aanze kuwakamata wote. Akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Kilichomsumbua Inspekta ni lebo ya diski. Ilikuwa imebanduliwa karibuni, gundi bado inanata. Diski iliyojifia yenyewe, nani angehangaika kuivua jina? Alipouliza hivyo, Waya aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alisema diski huandika shajara yake yenyewe, mbali na kazi za watu: saa ilizofanya kazi, mara ilizowashwa, joto lililoipata. Kurasa zake nyingine zikiharibika, mara nyingi shajara hiyo husomeka.

Aliiunganisha na kompyuta yake ya mkononi. Jaribio la kwanza halikufaulu, wala la pili. La tatu likaleta safu ya tarakimu. Waya alizisoma, akazisoma tena, mdomo ukabaki wazi.

"Seva ina umri gani?" Inspekta aliuliza.

"Miaka mitatu. Haijazimwa ila mara mbili tatu, umeme ulipokatika."

"Na hii inasemaje?"

"Saa elfu tisa tu. Miaka mitatu inapita elfu ishirini na tano." Alipitisha kidole kwenye kioo. "Halafu imewashwa mara elfu sita. Hii inawashwa, inatumika saa moja na nusu, inazimwa. Hii siyo yetu, afande. Imetoka nyumbani kwa mtu."

Kwa hiyo mtu alikuwa ameiba diski hai, akalaza maiti ya kwake mahali pake. Kazi yenyewe haikuhitaji hata bisibisi. Diski za seva ile zilivutwa kama droo. Ufunguo wa chumba ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa karani, na mchana karani huwa amekwenda kula.

Alasiri hiyo Inspekta aliwahoji waliohusika na picha. Daktari bingwa, mwanamume wa miaka hamsini na kitu aliyefiwa na mke, aliweka mikono juu ya meza na kusema hana la kusema hadi Ijumaa. Binti wa eksirei, mpiga picha za mifupa aliyeajiriwa mwaka uliopita, aliulizwa swali moja: Jumanne mchana alikuwa wapi? Alijibu alikuwa akimpiga picha mtoto aliyevunjika mkono. Rejista ilimuunga mkono. Inspekta alimshukuru na kumwacha aende.

Alimshuku daktari. Lakini mashaka hayana mguu wa kusimamia mahakamani.

Alhamisi asubuhi aliingia mitaani na namba ya kiwandani, ile iliyoandikwa ndani ya shajara, ambayo kucha za mwizi hazikuweza kuifikia. Mwenye diski ile huenda alijaribu kuiponya kabla ya kuikatia tamaa. Yeye na konstebo wake walipita karakana za kompyuta: ya kwanza, ya pili, ya tano. Wengine hawakuweka kumbukumbu. Mmoja aliwauzia chaja. Baada ya karakana ya nane Inspekta aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha gari.

"Mungu wangu," alinong'ona, "nguvu zimeniishia, lakini siku haijaisha. Nifungulie mlango mmoja."

"Na chakula cha mchana, afande," konstebo wake alisema akiwa kwenye usukani. "Mtajie na hicho, maadamu uko naye."

Karakana ya tisa ilikuwa ya mzee aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Daftari lake lilikuwa kama la zahanati: namba ya diski, ugonjwa, dawa, matokeo. Alifuata mistari kwa ncha ya kalamu hadi akasimama.

"Huyu namkumbuka. Kompyuta ilianguka huku inafanya kazi, sindano ya kusomea ikagonga sahani ya ndani. Diski ikianza kukwaruza, huiwashi tena. Kila ukiiwasha inajichuna ngozi. Bwana yule aliiwasha wiki nzima kwa matumaini. Alipoileta kwangu hapakuwa na cha kuokoa."

"Ilikuwa na nini?"

"Picha za dada yake, marehemu. Nyingine hawakuwa nazo."

"Hawakuwa nazo? Alikuja na nani?"

"Binti mmoja. Nilipowaambia haiponi alilia mpaka nikamletea kiti. Bwana alikuwa mrefu, mikono safi kuliko mikono yote iliyowahi kugusa kaunta hii."

"Binti alimwitaje?"

"Mjomba."

Inspekta alirudi garini karibu akikimbia. Ofisi ya utumishi ilimpa jalada la binti wa eksirei, na kwenye mstari wa mlezi palikuwa na jina la daktari bingwa. Mwaka mzima walikuwa wakisalimiana koridoni kama wageni, ili mtu asiseme binti kapata kazi kwa mgongo wa mjomba.

Saa kumi alimkuta daktari ofisini mwake, amesimama.

"Bila picha unaangamia," Inspekta alisema. "Kwa nini uibe kitu kinachoweza kukuokoa?"

Daktari alikaa chini polepole. Akavuta droo, akatoa kitu kilichofungwa katika taulo la kijani la chumba cha upasuaji, akakiweka mezani.

"Nilitaka kuivunja kwa nyundo," alisema. "Mkono ulikataa. Ina picha za wagonjwa elfu kadhaa."

"Kuna nini kwenye picha ya yule mama?"

"Herufi. Tunaweka herufi ya metali kando ya mguu, inatokea pichani kuonyesha kulia au kushoto. Goti lile ni la kushoto. Herufi ni ya kulia."

"Na aliyeiweka ni mpwa wako."

"Mama yake alifia mikononi mwangu. Alinipa huyo mtoto, hakunipa kingine. Picha ikionekana, ni wawili tunaoanguka. Isipoonekana, ni mimi peke yangu. Hesabu ilikuwa rahisi."

Inspekta alizunguka chumba mara moja. Kitu kimoja bado hakikukaa sawa.

"Fomu ya mgonjwa ilisema goti lipi?"

Daktari alikunja ukingo wa taulo, akaukunjua.

"Uliiona?"

"Niliiona. Ilisema kushoto." Sauti yake ilishuka. "Mama mwenyewe alinionyesha la kushoto, nikamwambia yote mawili yana shida. Picha ilisema kulia, na picha ilipigwa na mtoto wangu. Nilimfundisha mwenyewe. Sikuamini kwamba anaweza kukosea, nikaiweka fomu chini. Na ukishafungua goti la mtu wa umri ule, unaona uchakavu uliotarajia kuuona."

"Basi hukuwa unamficha yeye tu."

"Hapana," alisema. "Nilificha pia kwamba nilimpenda kuliko nilivyomsikiliza mgonjwa."

Konstebo alimleta binti wa eksirei. Alipoona kilichokuwa juu ya taulo alishika kizingiti. Daktari akaanza kumweleza kwa upole, akitafuta maneno, kwamba kuna kosa dogo limetokea, kwamba hata wazoefu...

"Mjomba, najua."

Daktari aliinua uso kumtazama.

"Nilijua siku ileile yule mama alipotolewa chumba cha upasuaji. Siku ya kupiga picha mikono ilikuwa imechoka, nikachukua herufi ya mguu mwingine. Nilikuwa nangoja picha ifunguliwe barazani nisimame niseme ni mimi. Bila picha, nani angeniamini? Wangesema namkinga bosi." Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetereka. "Siku mbili hizi sijalala namwomba Mungu diski ipatikane. Na ulikuwa nayo wewe."

Mjomba aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Binti hakumgusa, wala hakuondoka. Alibaki pembeni ya kiti chake.

Inspekta alimsomea daktari kosa lake: wizi na kuficha ushahidi. Alimsomea taratibu, neno kwa neno, kwa sababu hakuwa na furaha nalo. Kisha akamkabidhi konstebo diski ndani ya taulo lake, amwambie Waya aifungue mbele ya mashahidi.

"Kituoni, afande?" konstebo aliuliza.

"Bado." Alifungua mlango, akawasubiri wote wawili wapite. "Kwanza wodini. Yule mama amelala wiki tatu akijiuliza kama ni yeye aliyekosea kuonyesha goti. Mtamwambia nyinyi wenyewe."

Walitembea koridoni, mjomba mbele, mpwa nyuma, hadi kitanda cha mwisho karibu na dirisha.